Kisu Changu na Kichwa cha Baba Mdogo

Jumamosi, 12 Oktoba 1968

Daftari hili amenipa Mwalimu Gaudensi jana tulipoagana shuleni. Alisema mtu aliyemaliza darasa la saba asipoandika kila siku, mwaka mpya utamkuta amesahau hata jina lake. Jina langu ni Somoe Athumani. Nimeanza nalo ili niwe salama.

Jana hiyohiyo nilipewa zawadi, nayo imeleta balaa. Mwalimu alizinunua zawadi Mtwara mjini kabla ya kujumlisha alama. Kwa kuwa Omari amekuwa wa kwanza tangu darasa la pili, wa kwanza alinunuliwa kisu cha kukunja, na wa pili, ambaye huwa mimi, kitana na kioo chenye maua ya waridi mgongoni. Alama zilipojumlishwa nikawa nimempita Omari kwa alama mbili. Wazazi walikuwa wameshakaa. Mwalimu akaitazama karatasi yake, akazitazama zawadi, akaitazama karatasi tena.

"Orodha ni orodha," akasema.

Nikapewa kisu. Omari akapewa kitana na kioo. Watu walicheka mpaka mbuzi waliokuwa wanalala kivulini wakahama. Nilitakiwa niseme asante kwa sauti. Sauti ilikataa. Nilipiga goti, nikaondoka na kisu mkononi kama mtu anayetoka kuiba.

Lakini ni kizuri. Mpini wake ni wa pembe ya kahawia, na kikifunguka kinalia "ta!"

Jumapili, 13 Oktoba

Baba mdogo Selemani amekuja wakati wa uji. Ni mdogo wake baba, nyumba yake iko ng'ambo ya mikorosho yetu, na habari hazimpiti.

"Hebu nikione." Akakifungua, akakifunga, akakifungua. "Kisu cha mfukoni hiki. Sasa wewe Somoe, mfuko unao wapi?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimejifunga kanga. Ni kweli, sina mfuko.

"Unaona, kaka? Mtoto hana mfuko. Mimi suruali hii peke yake ina minne."

Baba alikuwa anakunywa uji. Baba akiwa na uji hasemi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeshona mfuko kwenye gauni langu la shule. Mama ameuliza wa nini. Nimesema wa leso. Ni uongo wangu wa kwanza tangu nimalize shule.

Jumatano, 23 Oktoba

Korosho zimeanza kuanguka kwa wingi. Tunaokota tangu alfajiri, mimi na Mama na Bibi, halafu tunakaa kivulini kutenganisha korosho na bibo, tunda lake. Wengine hunyonga kwa mkono, nyama ya bibo inabaki imeng'ang'ania. Mimi nakata kwa kisu, korosho inatoka safi kama imenawa. Leo Baba aliokota moja kutoka kwenye chungu changu, akaigeuzageuza, akairudisha. Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kisu kimekuwa butu. Naandika waliokitumia: Mama, kukata kamba za kitanda. Bibi, kuchokoa mwiba na kisha kukwangua sufuria. Baba mdogo, ambaye alikiazima kwa dakika moja, akakirudisha jioni kinanuka mafuta ya taa. Alikuwa amefungulia debe.

Kwetu visu hunolewa na wanaume. Mwanamke kisu chake kikifa makali anakiweka barazani, anasubiri. Mwaka jana Baba alikwenda Newala siku tisa, na siku tisa hizo muhogo tuliuvunja kwa goti. Kwa hiyo nami niliweka changu barazani. Aliyekiona wa kwanza ni Baba mdogo.

"Kaka, nitamnolea," akasema. "Na nikikinoa, nikae nacho tu. Atakuwa analeta kila wiki? Kisu ni cha anayekinoa."

Baba alifikiri. Hakukuwa na uji karibu.

"Umesema kweli," akasema. "Kisu ni cha anayekinoa. Somoe, unao muda mpaka Idd. Ukikinoa kwa mkono wako, ni chako na asikiguse mtu. Ukishindwa, ni cha Selemani."

Nilitaka kusema nitaweza. Nilisema "Ee," tena kwa ndani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kinoo cha Baba kiko kwa Baba mdogo tangu masika. Nimekwenda kukiomba. Amesema kinoo kimekwenda shamba. Nimekwenda shamba. Mkewe amesema kimekwenda nyumbani. Kinoo hicho kinatembea kuliko posta.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimenoa kwenye jiwe la kusugulia miguu bafuni. Nimenoa mpaka mkono umekufa ganzi. Kinang'aa!

Jumamosi, 2 Novemba

Kinakata, lakini kinakwenda upande. Ukikielekeza chini kinaelekea kwa jirani. Mama ameuliza kwa nini kila kipande cha muhogo kimeinama. Bibi amesema mchuzi wa leo uko kwenye rukuu.

Jumapili, 3 Novemba

Nimegundua. Nimenoa upande mmoja tu, siku tatu nzima. Aliyekuwa wa kwanza darasa la saba hakufikiria kugeuza.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimejificha ghalani. Juu ya magunia ya korosho kuna joto, lakini nje kuna Bibi.

Jiwe la bafuni lilikuwa linakwaruza sana, nikatafuta laini zaidi. Laini kuliko yote hapa nyumbani ni jiwe la Bibi la kusagia liwa, ule mti wa manukato anaojipaka usoni. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na limesaga liwa miaka yote hiyo mpaka katikati limekuwa laini kama shavu. Ijumaa, Bibi alipokwenda kisimani, nililitoa uvunguni, nikanoa pande zote mbili, nikalifuta kwa kanga, nikalirudisha. Niliona limebaki na wingu jeusi kidogo. Nikasema moyoni, jiwe ni jiwe.

Leo kulikuwa na harusi kwa Mwanaisha, jirani yetu, anamwoza binti yake. Bibi ndiye aliyetakiwa kumpokea bibi harusi. Alisaga liwa mapema, gizagiza la alfajiri, akajipaka uso mzima, akajifunga kanga mpya akaenda. Liwa ikiwa mbichi haionyeshi kitu. Inapokauka ndipo inapong'aa.

Ilikauka kwenye harusi.

Mimi nilikuwa nyuma nimebeba ungo wa mchele. Kwanza niliona watu wanakatiza vigelegele. Bibi akadhani ni heshima, akainua uso juu zaidi. Uso ulikuwa wa kijivu, na kwenye mikunjo ulikuwa mweusi kama wino, na kila alipotabasamu wino ulichora mistari mipya. Bibi harusi, ambaye alitakiwa alie kidogo kwa adabu, alipiga ukelele wa kweli.

"Bibi Hadija," Mwanaisha akasema taratibu, "umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na furaha," Bibi akasema.

Mtoto mmoja akamletea kioo. Ni kile chenye maua ya waridi. Yaani Omari anatembea nacho.

Bibi alijitazama muda mrefu. Kisha, bila kugeuka nyuma, akasema, "Somoe."

Sijui alijuaje. Nilitua ungo nikakimbia.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeomba radhi. Nimesugua jiwe kwa majivu na mchanga tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Bibi amesema kisu kikabidhiwe kwa Selemani leo hii. Baba amesema ahadi ni mpaka Idd. Bibi amesema yeye ndiye aliyemzaa Baba na anaweza kubadilisha mawazo juu ya jambo hilo pia.

Baba mdogo amekuja kutupa pole. Alikuwa amevaa suruali ya mifuko minne.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo nimejua kitu, na nitakiandika chote.

Nyuma ya shamba letu anakaa Mama Laurinda. Ni mkimbizi; yeye na mumewe walivuka mto Ruvuma wakafikia Kitaya, kisha wakaja huku. Mumewe, Joaquim, alikuwa anachonga mipingo, na mwaka jana alirudi upande wa pili kwenye vita. Mimi nilikuwa namwogopa Mama Laurinda kwa sababu anacheka peke yake na anasema kwa sauti kubwa kama yuko ng'ambo ya mto bado. Kila siku tukipita kwake tunasikia kwaruu, kwaruu. Mama alikuwa anasema anasaga ulezi.

Leo nilichungulia. Alikuwa ameketi chini, mbele yake patasi saba za mumewe zimepangwa juu ya gunia, na ananoa.

"Ingia! Usisimame hapo kama kuku amekosa mlango!"

Nikaingia. Nilishindwa kusema, nikatoa kisu mfukoni nikakiweka mbele yake. Alikitazama, akaangua kicheko.

"Wewe ndiye uliyempaka bibi yako chuma?"

Kumbe habari imefika mpaka kwake.

"Hizi anatumia nani?" nikamwuliza, maana Joaquim hayupo.

"Hakuna. Nanoa Alhamisi, kutu inataka kula, nanoa Alhamisi nyingine. Akirudi asinikute na patasi butu, atasema nilikaa tu." Akacheka tena, lakini huku ananoa. "Kaa. Lete mkono."

Jiwe lake ni la mtoni, jeusi, amelifukia nusu kwenye ubao lisihame. Akamwagia maji. Akasema mgongo wa kisu uinuke juu ya jiwe kwa unene wa punje mbili tu za mchele zilizolaliana. "Ukilaza sana, unapaka jiwe mafuta. Ukisimamisha sana, unachimba kaburi." Sukuma kama unataka kukata ngozi nyembamba ya jiwe. Hesabu kumi. Kisha pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, usikipitishe kamwe kwa urefu wake.

"Unasikia nini?"

"Kitu kinakwaruza."

"Mdomo wa kisu umepinduka. Upande huu umeshiba. Sasa fanya nini?"

Nilikuwa nalijua jibu hilo kuliko mtu yeyote kijijini kwetu Madimba.

"Nageuza!" nikasema kwa nguvu.

"Haa! Una sauti kumbe!"

Jumatatu, 18 Novemba

Kumi, geuza. Kumi, geuza. Nimejikata kidole, na mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza, yameingia. Nimelia kidogo, bila sauti.

Ijumaa, 22 Novemba

Ramadhani imeingia. Joto ni kali. Mikorosho haijui kama tumefunga, inaangusha tu.

Jumatano, 27 Novemba

Leo niliona Bibi anahangaika na kisamvu. Kisu chake kilikuwa kinakiponda badala ya kukikata. Nilikichukua bila kusema, nikaenda nacho kwa Mama Laurinda, nikakirudisha kabla ya alasiri. Bibi alikata mkupuo mmoja wa kisamvu. Akasimama. Akakata mwingine. Majani yalitoka membamba kama nyuzi.

"Athumani ndiye aliyenoa hiki?"

Nikatikisa kichwa, nikajigusa kifua.

Jioni kwenye futari kipande changu cha muhogo kilikuwa na tui jingi kuliko cha Baba mdogo. Yeye huja kufuturu kwetu kila siku, anasema mkewe anapika mapema mno.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua ya kwanza, ghafla. Tumekimbia kuingiza korosho zilizoanikwa. Kisu kilikuwa mfukoni, hakikulowa.

Jumapili, 8 Desemba

Mkono wangu wa kushoto hauna unywele hata mmoja. Mama Laurinda anasema makali hujaribiwa kwa nywele za mkono. Mama amenishika mkono akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo baada ya futari watu walikuwa wengi barazani, kwa hiyo Baba mdogo alisimulia jando lake. Tunalijua. Huwa analisimulia akishashiba. Kwamba walikuwa wavulana kumi na wawili, kwamba siku hiyo kisu kilikuwa butu kama mwiko, kwamba wenzake wote walilia "mama yangu wee," lakini yeye hakupepesa jicho.

"Hata 'aah' sikusema! Kaulizeni! Mwanamume anayelia mbele ya chuma si mwanamume!"

Kisha akanigeukia. "Na wewe fundi, kisu kimefika wapi? Maana Idd ile pale. Najua unachonoa wewe hakinyoi hata nyasi."

Baba alikuwa anakunywa uji wa futari. Akalitua bakuli lingali limejaa. Wote tuliona.

"Nyasi ni jambo dogo," akasema. "Siku ya kuamkia Idd atakunyoa wewe kichwa. Ukisema 'aah', hata mara moja, kisu chako. Usiposema, chake. Biashara imekwisha."

Baba mdogo alicheka. Watu walimtazama. Akaacha kucheka.

"Mimi? Kichwa hiki?"

"Uliogopa butu la jandoni?" Baba akauliza.

"Sikuogopa!"

"Basi."

Jumatano, 18 Desemba

Silali vizuri. Mama Laurinda amenionyesha kumalizia kwenye mkanda wa ngozi, kuvuta kinyumenyume. Lakini nimeona tatizo. Baba mdogo akitaka kisu anahitaji "aah" moja tu, na "aah" haina bei. Anaweza kuisema hata kabla sijamgusa. Nimemweleza Bibi. Ni mara ya kwanza nimemwambia mtu mzima jambo refu hivyo.

Bibi alisuka ukili wake wa mkeka kidogo, kisha akasema, "Wale wenzake wa jando, walio hai ni saba. Nitawaalika."

Nilimpenda Bibi sana wakati huo. Uso wake ulikuwa mweupe kwa liwa safi.

Ijumaa, 20 Desemba

Saa kumi alasiri, barazani kwetu. Wanaume saba wa jando lake wameketi safu moja, wamefunga, wana njaa, na wamekuja kuona. Mama Laurinda amesimama nyuma. Baba mdogo ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, shuka shingoni. Alipowaona wale saba alibadilika rangi.

"Nani amewaita hawa?"

"Sikukuu ni kutembeleana," Bibi akasema.

"Selemani," mmoja wao akasema, "tumesikia leo unakutana na chuma tena. Tumekuja kujifunza ujasiri."

Wakacheka wote. Baba mdogo akakaza shingo kama jogoo.

"Na damu ikitoka," akaniambia chinichini, "saumu yangu je?"

"Funga mdomo, na saumu," Bibi akasema.

Nilimpaka sabuni kichwa kizima. Nilikifungua kisu, "ta!", na Baba mdogo akafumba macho. Nikakumbuka punje mbili za mchele. Nikaweka makali juu ya paji, nikavuta.

Nywele zilitoka bila mlio. Nikavuta tena. Njia nyeupe ya sabuni ikageuka njia nyeusi inayong'aa. Sikuona watu tena, niliona kichwa tu. Upande wa kulia ulikwisha. Baraza zima lilikuwa linasubiri "aah".

Badala yake tukasikia mlio mwingine. Mdogo, kama kwaruu ya jiwe la Mama Laurinda. Nikadhani kisu kimegusa mfupa. Nikainama.

Baba mdogo alikuwa anakoroma.

Sijui ni daku, sijui ni njaa, sijui ni makali. Kichwa kilianza kuegemea kushoto, upande ambao bado haujanyolewa, na sikuweza kuufikia. Nikamtazama Baba. Baba akatazama mikorosho. Nikamtazama Bibi. Bibi akasuka ukili. Hakuna aliyenisaidia. Ikabidi niseme.

"Baba mdogo," nikasema, na sauti ilitoka kubwa, hata kuku walisikia. "Amka! Geuza kichwa!"

Alishtuka hivyo alivyoshtuka, na nyuma ya sikio lake kisu kikagusa. Tone moja la damu, dogo kuliko kichwa cha siafu.

"Aah!" akasema.

Wote walisikia. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooka kuelekea kisu changu. "Nimesema! Mmesikia, nimesema aa..."

Hapo ndipo alipowaona wale saba. Walikuwa wamesogea mbele, midomo wazi, meno yote nje, wanasubiri amalizie. Miaka yote hiyo ya kusimuliwa. Mmoja alikuwa ameshainua mkono kumpiga mwenzake begani.

Mkono wa Baba mdogo ukasimama hewani. Ukazunguka taratibu. Ukaenda kichwani, ukapapasa upande ulionyolewa, mbele na nyuma.

"Aah," akasema tena, kwa upole. "Nilikuwa nashangaa tu. Jamani, aah. Laini kama yai."

Baba aliingia ndani haraka. Tulimsikia akicheka kule ndani, peke yake. Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akicheka.

Nilimaliza upande wa kushoto. Nilipomaliza, Baba mdogo aliniambia tusikie yeye na mimi tu, "Sikulala. Nilikuwa naleta dua."

"Ndiyo, Baba mdogo," nikasema. "Amina."

Jumamosi, 21 Desemba

Idd. Nimekwenda kusali na gauni lenye mfuko. Omari alikuwa kule mbele, nywele amezichana njia katikati, imenyooka kama rula. Nilimwuliza, mimi mwenyewe nilimwanza, kama anataka tubadilishane zawadi. Alinitazama kama nimemwomba jicho.

Jumapili, 22 Desemba

Visu vya wanawake sita viko barazani. Mwanaisha ameleta viwili.

Nilipofungua mlango alfajiri nilikuta kitu kizingitini, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Ni kinoo cha Baba, kimerudi kutoka kote kilikokuwa kinatembea, na juu yake panga la Baba mdogo, butu kama mwiko. Mwenyewe hakuwepo, ila ng'ambo ya mikorosho niliona kichwa kinang'aa kinazunguka nyuma ya nyumba.

Nimemwaga maji. Nimeanza na upande wa kulia. Kumi.

Kisha nimegeuza.